Bi. Kathini Masila na Sentimita Mbili Zilizorudishwa

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Kathini Masila, Msajili Mkuu wa Chuo cha Maafisa cha Enkutoto, atakabidhi funguo za ofisi yake na kustaafu. Atakuwa ametumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na minne na karibu miezi minane. Aliripoti kazini tarehe 5 Novemba 1990 akiwa karani wa daraja la chini, na tangu siku hiyo hakuna kadeti aliyevuka geti letu bila jina lake kupita mikononi mwa mama huyu.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na tisa, meza yangu ikitazamana na yake. Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja. Naiomba radhi mapema.

Bi. Kathini alizaliwa Konza mwaka 1965, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli. Baada ya shule alisomea ukarani na uchapaji, akaolewa na Bwana Mutinda, fundi wa umeme, wakahamia Kitengela wakati ambapo mji ule ulikuwa na maduka machache tu kando ya barabara ya Namanga na pundamilia wakilisha nyuma ya nyumba za watu. Hapo walilea watoto watatu. Kila siku ya kazi alipanda basi la wafanyakazi kuja Kajiado, na dereva wa basi hilo husema kwamba hajawahi kumngoja hata dakika moja, ila yeye ndiye amewahi kungojwa, na akaambiwa.

Kwa wageni wetu ambao hawaijui kazi ya msajili, nieleze kidogo. Kila mwezi wa Oktoba, vijana wanaotaka kuwa maafisa wa jeshi hukusanyika katika uwanja wa Kajiado. Hukimbia, hupimwa urefu, uzito, macho na meno, vyeti vyao hukaguliwa, na wanaobaki hufanya mtihani wa maandishi. Wanakuja mamia, nafasi ni sitini. Kila mzazi ana ndugu anayemjua mtu, na kila mtu huyo ana namba ya simu ya msajili. Hapo ndipo Bi. Kathini alipokaa miaka yote hii, kwenye kiti cha mbao, kalamu mkononi, akiwasalimia vijana kwa Kimaa, Kikamba, Kikuyu na maneno machache ya Kisomali, kisha akiwapima wote kwa namna moja.

Mwaka 1998 mzazi mmoja alimfungia mbuzi dume kwenye geti la nyumba yake Kitengela akaenda zake. Bi. Kathini alimfungua mbuzi, akamkokota katikati ya mji hadi kwa chifu, akamwacha huko na barua fupi kwa mwenye mbuzi. Barua ilisema kwamba mbuzi yuko salama na mtoto atapimwa kama wengine. Mtoto alipimwa, akapita, na baba yake hakupata kuamini kwamba mbuzi hakuhusika. Miaka mitano baadaye mpwa wake Bi. Kathini aliondolewa kwenye mstari kwa sababu ya macho. Dada yake alinuna mwaka mzima, na Krismasi ile Bi. Kathini alipakuliwa chakula akiwa wa mwisho, akapewa shingo ya kuku. Alituhadithia mwenyewe, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alikuwa na mazoea mengine ambayo sisi makarani wadogo tulimtania kwayo. Fomu ya urefu ilitaka neno moja tu, amepita au hakupita. Yeye, kwa kila kijana aliyeondolewa, aliandika kwa penseli katika daftari lake urefu wenyewe: mia na hamsini na tisa, mia na hamsini na nane na nusu. Tulimwuliza anaandika za nini wakati mwenyewe ameshakwenda nyumbani. Alijibu kwamba mtu asiandikwe neno moja tu kama mzigo uliokataliwa.

Sasa nifike kwenye Oktoba ya mwaka 2014, kwa sababu hakuna atakayemsifu Bi. Kathini kwa haki akiuruka mwaka huo. Yeye mwenyewe aliniomba nisiuruke.

Siku ya pili ya usajili, kabla ya saa nne asubuhi, alifika mbele yake msichana mmoja wa Kitengela aitwaye Nasteho Yarow, binti wa mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa amemaliza mbio akiwa wa tatu kati ya wasichana wote. Kiwango cha chuo chetu kwa wasichana ni sentimita mia moja na sitini. Alisimama kwenye kipimo, ule mti wenye alama ambao juu yake kuna ubao mdogo wa kushushwa kichwani, kikasoma mia na hamsini na tisa. Bi. Kathini akamwambia pole, ajaribu maisha mengine.

Wengi hubisha. Wengine hulia, wengine husimama juu ya vidole. Nasteho hakufanya hata moja. Alibaki amesimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, samahani, niko na swali. Juzi nimepimwa zahanati, nilikuwa mia na sitini na moja. Nimepungua wapi?"

Sajini aliyekuwa akisimamia mstari alimwonyesha njia ya kutokea, naye akaenda. Mstari ukasogea. Lakini mimi niliyekuwa kando nikiandika majina niliona kwamba Bi. Kathini hakumwita anayefuata. Alikuwa akikitazama kile kipimo.

Alivua viatu, akapanda mwenyewe, akaniambia nisome. Alipoajiriwa aliandikiwa mia na sitini na nne. Nilisoma mia na sitini na mbili. Sajini akacheka, akasema uzee unaanzia kichwani. Bi. Kathini akamwambia avue buti naye apande. Faili lake lilisema mia na themanini. Kipimo kilisema mia na sabini na nane. Hapo kicheko kiliisha. Alimtuma karani mmoja kwa fundi cherehani aliye ng'ambo ya barabara, akaletewa futi ya kupimia nguo, tukapima kuanzia chini tunapokanyaga hadi kwenye alama ya mia moja. Futi ilisoma mia moja na mbili.

Sababu tuliipata kwa kuinama tu. Mapema mwaka 2012 mchwa walikula ubao wa chini wa kipimo hicho, ule ambao kijana anasimama juu yake. Kilipelekwa karakana ya chuo, na fundi akaondoa ubao ulioliwa akaweka bati la chuma, jembamba na imara. Alama za kwenye mti hakuzigusa. Ubao wa zamani ulikuwa na unene wa sentimita mbili. Kwa hiyo kila aliyesimama hapo tangu siku hiyo alikuwa amesimama chini zaidi ya alama zinavyodai, na kila mmoja alinyang'anywa sentimita mbili bila yeye kujua wala sisi kujua.

Karani hana mamlaka ya kusimamisha usajili wa jeshi. Bi. Kathini alichukua kiti chake cha mbao akakiweka mbele ya kipimo, akakaa, akasema hapimwi mtu. Kisha akamtuma sajini na kipaza sauti hadi stendi ya mabasi, awaite wote walioondolewa asubuhi hiyo kabla hawajapanda magari ya Namanga na Isinya. Watu wa Kajiado bado wanaikumbuka sauti ya mwanajeshi ikitangaza stendini kwamba vijana waliokuwa wafupi warudi, huenda si wafupi. Waliokuwa wameshaondoka, na wale wa siku ya kwanza, aliwapigia simu mmoja mmoja. Nasteho alikutwa amekaa kwenye jiwe nje ya uwanja, akimngoja baba yake amalize shughuli mnadani. Alipimwa upya kwa futi ya fundi cherehani, mbele ya mashahidi watatu. Mia na sitini na moja.

Kufikia jioni kipimo kilikuwa kimerekebishwa na wote wa mwaka huo waliorudi walikuwa wamepimwa upya. Kanali Hiram Mbugua, aliyekuwa mkuu wa usajili wakati huo, alimshukuru mbele yetu, na kwa haki alistahili shukrani hizo. Kisha akafunga daftari. Bi. Kathini akamkumbusha kwamba kipimo kile kimetumika pia mwaka 2012 na 2013.

Kanali alikuwa mtu mwema na mwenye kazi nyingi. Alimwambia kwamba hao wameshaenda, na kufukua mambo ya zamani kungechafua jina la chuo bila kumfaa mtu. Bi. Kathini alimjibu sentensi moja, na mimi nilikuwepo: "Afande, walienda kwa sababu sisi tuliwaambia waende."

Wasiomjua wanaweza kudhani lilikuwa jambo jepesi kwake. Halikuwa. Kipimo kiliporudi kutoka karakana mwaka 2012, kulikuwa na karatasi ya kupokelea iliyosema kifaa kimekaguliwa na kiko sawa, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa yake. Alikitazama, akaona bati linang'aa, akatia sahihi. Hakukipima. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka karatasi hiyo. Yeye ndiye aliyeitafuta katika faili, akaiambatisha kwenye taarifa yake kwa Bodi ya usajili, akaandika kwa mkono wake kwamba kosa la kupokea ni lake. Wiki ile alikuwa anatazamiwa kupandishwa cheo kuwa Msajili Mkuu. Saa ya chai hakunywa chai. Aliniambia hivi: "Gathoni, nimewafukuza watoto wa watu kwa kosa la mchwa." Kisha akarudi kwenye daftari lake.

Na hapo ndipo zile namba za penseli zilipotusaidia. Fomu zingetuambia tu nani hakupita. Daftari lake lilituambia nani alikosa kwa sentimita mbili au pungufu ya hizo. Walikuwa thelathini na mmoja kwa ile miaka miwili, wavulana na wasichana, waliopita mbio na kila kipimo kingine, wakaondolewa kwa urefu waliokuwa nao.

Bodi ilikaa Novemba. Wajumbe walikubali kwamba kosa lilikuwepo, lakini kikwazo kilikuwa umri. Mwisho wa kupokelewa ni miaka ishirini na minne, na zaidi ya nusu ya wale vijana walikuwa wameshaivuka. Mjumbe mmoja alisema kanuni ni kanuni, na ukiipinda kwa mmoja umeipinda kwa wote. Bi. Kathini, aliyeitwa tu kuleta mafaili, aliomba ruhusa ya kusema. Alisema anaipenda kanuni kuliko mtu yeyote mezani pale, ndiyo maana anaomba ihesabiwe kuanzia siku kijana aliposimama kwenye kipimo. "Umri wao haukupita wakilala," alisema. "Ulipita wakitii uamuzi wetu."

Aliyesimama kumuunga mkono alikuwa Kanali Mbugua. Alisoma taarifa yake yote kwa sauti, pamoja na ile sehemu ya sahihi, kisha akasema kwamba chuo kinachofundisha maafisa kukiri makosa hakiwezi kujificha nyuma ya kalenda. Bodi ilikubali. Siku hiyo hiyo Bi. Kathini alipewa barua ya onyo kwa uzembe wa kupokea kifaa bila kukikagua, na cheo kikaahirishwa. Kilimfikia baada ya miaka miwili. Hakuwahi kulalamika juu ya barua hiyo. Alisema ilikuwa ya kweli.

Kuwapata thelathini na mmoja haikuwa kuandika barua tu. Namba za simu zilikuwa zimebadilika, watu wamehama. Kwa miezi mitano Bi. Kathini alitumia Jumamosi zake kuwatafuta, na mara kadhaa nilikwenda naye. Tulipanda hadi Kona Baridi, ambako upepo ulitupora karatasi mbili tukazifukuzia mtelemkoni. Tulishuka hadi Oltepesi kumuulizia Kakenya, aliyekosa mwaka 2012. Tulimkuta akifundisha watoto wa chekechea chini ya paa la bati. Alisikiliza habari yote, akaomba ruhusa, akarudi darasani akamaliza wimbo waliokuwa wakiimba na watoto. Alipotoka alituambia kwamba siku ile aliyoondolewa alimdanganya mama yake, akasema ameshindwa mbio, kwa sababu mbio mtu anaweza kufanya mazoezi, lakini urefu ni aibu isiyo na dawa. Kisha akauliza anatakiwa kuripoti lini.

Si wote waliotaka kurudi, na Bi. Kathini hakumsukuma mtu. Hapo Kitengela tulimpata Shiro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtoto mgongoni na wateja watatu mbele yake. Alituwekea stuli, akatusikiliza huku akipima misumari. Alisema maisha yake yameshashika njia nyingine na hana haja ya kambi. Tulipoinuka kuondoka alimshika Bi. Kathini mkono, akasema: "Nipatie barua tu. Iandikwe kwamba siku ile nilikuwa nimetosha."

Hakukuwa na fomu ya barua kama hiyo. Bi. Kathini aliitunga, Kanali akaitia sahihi, na muhuri wa chuo ukapigwa. Ilipelekwa dukani kwa mkono. Iko ukutani mpaka leo, juu ya rafu ya rangi, ndani ya fremu. Baada ya hapo waliokataa kurudi wote waliandikiwa barua hiyo hiyo, waombe wasiombe.

Kwa ufupi, ishirini na sita walipatikana. Kumi na saba walikubali kuja tena, kumi na wawili walipita vipimo vilivyobaki na mtihani, na kumi na mmoja walihitimu. Hakuna aliyependelewa. Watano walioanguka safari hii walianguka kwa haki, na mmoja wao alimwambia Bi. Kathini kwamba kuanguka huku kunalalika, mtu anapata usingizi. Watano wengine hatujawapata hata leo. Majina yao amenikabidhi mimi.

Kakenya sasa ni Kapteni, mhandisi wa madaraja. Nasteho Yarow ni Meja, na tangu mwaka jana ni mjumbe wa ile ile Bodi ya usajili. Kutokana na mambo ya mwaka 2014, kipimo cha urefu hukaguliwa kila asubuhi kwa fimbo ya chuma yenye urefu unaojulikana, mbele ya vijana wenyewe. Kila anayeondolewa huonyeshwa namba yake, haambiwi neno tu, na ana haki ya kuomba apimwe mara ya pili na mtu mwingine. Kwenye kitabu cha kanuni inaitwa Ibara ya Kumi na Nne. Kwenye uwanja inaitwa Kathini. Utasikia kijana wa kutoka Ngong akimwambia mwenzake, "Omba Kathini, uko na haki yake," na hajui kwamba Kathini mwenyewe ndiye yule mama aliyekaa hapo na chupa ya chai.

Akiwa Msajili Mkuu tangu 2016 alifungua pia kituo cha pili cha usajili upande wa barabara ya Magadi, ili vijana wa huko wasilazimike kuzunguka siku mbili kuja Kajiado na kukimbia wakiwa wamechoka. Mwaka wa kwanza walikuja tisa. Oktoba iliyopita walikuja mia moja na arobaini. Alifundisha makarani kumi na wanne, nami nikiwa mmoja wao, na kila mmoja alipewa somo la kwanza lile lile: kabla hujampima mtu, kipime kipimo chako.

Wiki iliyopita tulimwuliza atakuwa anafanya nini. Alisema Bwana Mutinda ameshamjengea banda la kuku nyuma ya nyumba, na wajukuu wake wawili wanataka kufundishwa Kikamba kabla hakijawapotea. Kwaya ya kanisa lake imemchagua mweka muda wa mazoezi. Tunawapa pole wanakwaya.

Mama Kathini, kwa niaba ya makamanda uliowatumikia, wakufunzi, makarani, madereva, wapishi, na maafisa mia kadhaa waliotawanyika nchi hii na nje yake, tunakushukuru. Umetufanya tuweze kumwangalia usoni kijana tuliyemkataa sawasawa na yule tuliyempokea, na hilo si jambo ambalo kila chuo kinaweza kusema. Jumanne asubuhi, tarehe mosi Julai, basi la wafanyakazi litapita Kitengela bila kusimama kwako. Usiamke kuliangalia. Lala, mama, umefanya kazi ya kutosha. Mungu akujalie afya, akulindie nyumba yako, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na za furaha.

Gathoni Maina
Ofisi ya Usajili, Chuo cha Maafisa cha Enkutoto